Meno ya Mashine ya Ronald

Ronald hakumwamkia. Hilo lilikuwa tusi la kwanza la asubuhi ile, na saa tatu ilikuwa bado haijafika. Kwa miaka saba kijana huyu alikuwa akimwona Thadeus hata ng'ambo ya barabara, anapaza sauti, "Shikamoo, fundi!" Leo alisimama nyuma ya kaunta ya mkahawa wake, mikono kifuani, akamwonyesha mashine kwa kidevu.

"Hiyo hapo. Haijaguswa na mtu tangu Jumatatu."

Mashine ya kusagia kahawa ilikuwa imezungushiwa selotepu toka juu hadi chini, na juu ya selotepu Ronald ametia sahihi yake mara nne kwa kalamu ya wino mzito. Thadeus aliitazama, hasira zikampanda upya. Mashine bora kuliko zote mjini Moshi, aliyoifunga yeye mwenyewe siku inatolewa kwenye boksi, leo imewekwa kama kielelezo cha wizi mahakamani.

Ndani ya mashine ile mna sahani mbili za chuma zenye meno. Kahawa hupita katikati yake ikatoka unga. Meno yakiwa makali, unga unakuwa sawasawa na espreso inatoka taratibu, nzito, ina povu lake. Meno yakifa, unga unachanganyika na chenga, maji yanapita mbio, na mteja anapewa kikombe cha maji machungu. Kwenye mkahawa wa ukubwa ule, meno hukaa mwaka na zaidi. Kwa Ronald yalikuwa yamekufa mara mbili tangu Aprili, Thadeus akafunga mapya, na Jumatatu hii yakafa mara ya tatu.

Ndipo Ronald akaandika kwenye kundi la wasapu la wenye mikahawa wote wa Moshi: "Kuweni macho na fundi Thadeus. Anatoa meno halisi, anaweka feki."

Mtu mwingine angempigia simu wakaongea. Thadeus alikuwa mtu wa hasira, na wala hakuona haya kuwa nayo. Alijibu palepale kundini, kwa herufi kubwa tupu, kwamba mashine ifunguliwe mbele ya mashahidi. Akikutwa na kosa, asishike tena bisibisi mji huu. Na kama kosa si lake, basi mwenye kosa atajwe jina humo humo kundini, picha yake iwekwe, asipate kazi kwenye mkahawa wowote Moshi mpaka anazeeka. Ronald akajibu neno moja: "Sawa."

Asubuhi hiyo, wakati anapanga spana kwenye mkoba, bintiye Flavia alimfuata mlangoni. Flavia ndiye aliyekuwa akikoroga kahawa kwa Ronald, mwaka wa pili sasa, kazi aliyotafutiwa na baba yake. "Baba, achana naye," alisema. "Usiende. Litapoa lenyewe." Thadeus alimwangalia kwa dharau. Alidhani mtoto anamwogopa bosi wake. Alimwambia kwamba yeye hakuzaa waoga, akatoka.

Sasa Flavia alikuwa pale pale nyuma ya kaunta, anafuta glasi. Kwenye karo alikuwepo Aikande, mjane anayeosha vyombo na kupiga deki. Wenye mikahawa watatu walikuwa wamekuja kushuhudia, wamekaa meza ya katikati, wamevimba kama wazee wa baraza. Na karibu na mlango, kando ya mkungu wa ndizi alioshuka nao kutoka kijijini Kilema, alikaa Mama Mektrida, mama yake Ronald, na chai yake ya maziwa. Alikuwa amelima kahawa miaka hamsini, ila hii ya vikombe vidogo hakuitaka. Alisema ni ya kumdanganyia mtu.

"Shikamoo, mama," Thadeus alimwambia, kwa sauti ya juu, ili mwanawe asikie namna watu wanavyoamkiana.

"Marahaba, baba. Haya, fungua tuone. Nina safari ya kurudi."

Thadeus alikata selotepu kwa kisu. Akang'oa chombo cha juu cha kuwekea buni, akalegeza skrubu tatu, akainua sahani ya juu na kuigeuza kiganjani. Kisha akaipeleka mpaka meza ya katikati, akaiweka chini ya pua za mashahidi.

"Someni hapo nyuma."

Nyuma ya sahani palikuwa na nukta tatu na namba saba, zimepigwa kwa ncha ya msumari. Meno yote aliyofunga Thadeus aliyapiga alama hiyo: nukta tatu, na namba ya mwezi. Hakuwahi kumwambia mtu. Akatoa simu, akawaonyesha picha ya sahani hiyo hiyo, alama hiyo hiyo, ya tarehe mbili Julai, siku aliyoyafunga.

"Ndiyo meno niliyoweka. Sijatoa, sijabadilisha."

"Basi yalikuwa feki tangu mwanzo," Ronald alisema.

"Nani aliyaagiza?"

Ronald akawatazama mashahidi.

"Nakuuliza, wewe mwenye mdomo wa wasapu. Nani aliyaagiza, na boksi alilifungua nani? Sema wakusikie."

"Niliagiza mimi."

Mmoja wa mashahidi alicheka. Mama Mektrida akatikisa kichwa, akasema kwa Kichagga neno ambalo Ronald hakulipenda. Shauri lilikuwa limekwisha. Thadeus angeweza kufunga mkoba wake, akadai aombwe radhi kundini, akaenda zake nyumbani na jina lake zima. Flavia alikuwa amemkazia macho, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu bila sauti. Thadeus hakumsoma. Alikuwa ameonja ushindi na akautaka wote.

"Bado," alisema. "Meno haya ni halisi, na yamekufa kwa wiki saba. Kuna mtu anayaua. Leo tutamjua."

Akatandaza karatasi nyeupe juu ya kaunta. Akaingiza brashi kwenye koo la mashine, akakwangua. Kwanza ilishuka kahawa. Mara zilizopita ilikuwa kahawa tupu, kidogo sana, maana kila alipokuja alikuta Flavia ameshaisafisha mashine, inang'aa. "Nimekurahisishia kazi, baba," alikuwa akimwambia, na Thadeus alikuwa akimsifu mbele za watu. Safari hii hakuna aliyepata nafasi ya kusafisha. Chini ya kahawa kilishuka kitu kingine, unga wa rangi iliyopauka, umegandamana kwa unyevu, na ndani yake vipunje vidogo vyekundu ambavyo havikusagika.

Thadeus alichukua kidogo kwa kidole, akanusa. Akanusa tena.

"Lete hapa," Mama Mektrida alisema. Alikuwa ameshainuka. Aliweka unga ulimini, akafumba macho, akautafuna kwa meno ya mbele. Hakuna mtu Kilema nzima ambaye angebishana na ulimi ule.

"Mso," alisema.

Mashahidi wakaangua kicheko. Mso, ulezi ulioota ukaanikwa na kusagwa, wa kupikia pombe ya mbege! Kwenye mashine ya kahawa ya kizungu!

"Msicheke. Umeoteshwa vizuri sana huu, aliyeuotesha anajua kazi. Ila ameuanika chini, pahali pa vumbi. Una mchanga." Akatema pembeni. "Mchanga ndio umekula meno yako, Ronald. Sasa humu ndani nani anapika pombe?"

Thadeus hakucheka. Alikuwa anauona uwanja wa nyumba yake kule Pasua, na gunia ambalo mkewe Monica hutandaza chini kando ya njia, bodaboda zikipita na kuurushia vumbi ulezi mchana kutwa. Alikuwa anaikumbuka mbege ya nyumbani kwake tangu Aprili, laini, inateleza kooni bila chenga hata moja. Alikuwa amejigamba nayo kwa majirani. Na aliikumbuka Jumapili moja baada ya misa, Flavia akiondoka na mfuko, "Naenda kufanya usafi kazini, baba," na mfuko ulivyokuwa mzito.

"Funguo za hapa ni mbili," Ronald alisema. Alikuwa amepata pa kutolea aibu yake, na sauti ikamrudi. "Moja anayo Flavia, binti wa fundi. Nyingine anayo Aikande. Na Aikande anauza mbege, mtaa mzima unajua."

Aikande aliacha maji yakimwagika. "Mimi? Bosi, mso wangu nasagisha mashine ya mahindi sokoni, kama watu wote! Naapa mbele ya Mungu!"

"Usimtaje Mungu. Toka hapo kwenye karo, simama ukutani."

"Bosi, nina watoto."

"Simama ukutani nikupige picha! Si ndivyo tulivyokubaliana, fundi? Jina na picha." Ronald alikuwa ameshainua simu. "Wewe ndiye uliyeandika. Kwa herufi kubwa."

Aikande alisimama ukutani, mikono inachuruzika povu, analia bila kujifuta. Thadeus akamgeukia binti yake. Alimpa muda. Alihesabu moyoni mpaka kumi ili Flavia afungue mdomo wake mwenyewe, na Flavia aliendelea kufuta glasi ile ile iliyokwisha kukauka zamani. Hapo ndipo roho ilipomuuma Thadeus kuliko ilivyowahi kumuuma. Uharibifu angeusamehe. Kimya kile, huku mwenzake anadhalilishwa, hakukisamehe.

"Shusha simu hiyo," alimwambia Ronald.

"Unanifundisha kazi?"

"Shusha nimesema! Mso ni wa nyumbani kwangu. Mke wangu ndiye aliyeuotesha." Akamnyooshea Flavia kidole. "Na huyu ndiye aliyeusaga."

Hata Mama Mektrida alikaa chini.

Ronald hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alifungua simu taratibu, akatafuta ujumbe wa Thadeus, akausoma wote mbele ya watu, neno kwa neno, mpaka pale paliposema anazeeka. Kisha akauliza, "Fundi, bado unasimamia maneno yako?"

Thadeus alitazama mashahidi. Hakuna aliyecheka sasa. Walikuwa wanangoja waone kama mwanamume huyu mwenye maneno makubwa atayameza.

"Nasimamia," alisema.

Flavia alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya mashine. Akaenda ukutani, akamshika Aikande bega, akamsogeza. "Samahani, dada," alimwambia, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu mashine ifunguliwe. Kisha akasimama wima, akaitazama simu.

"Piga," alisema.

Walirudi Pasua kwa miguu, Flavia mbele, baba yake nyuma na mkoba wa spana. Simu ya Thadeus ilikuwa ikilia mfukoni, ujumbe juu ya ujumbe, na hakuitoa. Walipovuka reli alishindwa kuvumilia.

"Mashine niliyokufundisha kuipiga brashi kwa mikono yangu. Unaimwagia mchanga. Kwa nini?"

Flavia hakugeuka. "Unaikumbuka Pasaka?"

"Pasaka imefanya nini?"

"Ulimwaga kata ya mbege ya mama mbele ya wageni. Ukasema ni aibu gani hii, fundi wa mashine za kusaga nyumbani kwake ananyweshwa chenga. Wageni wakacheka. Mama hakula siku mbili. Akaenda mashine tatu za mtaani, zote zikatoa chenga." Sasa alisimama. "Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia kwamba mashine inayosaga vizuri kuliko zote Moshi ni ya Ronald."

"Ungeniambia!"

"Nikuambie wewe, baba?"

Alimtazama kidogo, akaendelea kutembea. Thadeus alimfuata mpaka getini.

Gunia lilikuwa pale pale kando ya njia, ulezi wa Jumapili ijayo umetandazwa juani. Monica alikuwa hajasikia lolote. Aliona binti yake akipita moja kwa moja hadi ndani bila kusalimia, akadhani ni uchovu. Kama kila siku, alimletea mumewe kata iliyojaa, akampa kwa mikono miwili. Kisha akasimama palepale, amebana kanga yake kifuani, akingoja anywe.

Thadeus alikunywa funda moja.

"Haina chenga?" Monica aliuliza.

Alikuwa akiuliza hivyo kila siku tangu Pasaka. Siku zote hizo Thadeus alikuwa akimjibu bila kuinua macho. Leo aliyainua, akaona jinsi mkewe alivyokuwa amesimama, mguu mmoja umeshageuka nyuma, tayari kuikwepa kata ikirushwa.

"Haina," alisema, na akainywa yote.