Naonja Tu

Nianze kwa kusema hivi: mimi sikuwa mlafi. Nimepika kiwandani miaka kumi na tisa, wafanyakazi mia mbili kwa siku, na saa ya chakula wenzangu wakikaa mezani mimi nilikuwa sikai. Kwa hiyo daktari aliposema sukari yangu iko mpakani, bado kidogo tu iwe ugonjwa wenyewe, nilimwambia amekosea mtu.

"Kutwa unakula nini, mama?"

"Sili. Naonja tu."

Akanipa miezi sita nibadilike, kisha nirudi kupimwa. Mbele yake nilicheka, ila njiani kicheko kiliisha. Mama yangu mzazi, sukari ilimla macho. Alipofika umri wangu, hamsini na moja, alikuwa ananipapasa usoni ajue kama ni mimi au ni dada yangu. Niliogopa, sifichi.

Binti yangu ndiye aliyenitia adabu. Siku yake ya mapumziko alikuja jikoni, akaweka bakuli kando ya jiko. "Mama, leo kila unachotaka kuonja, kichote vilevile, ukitie humu. Usile."

"We mtoto una wazimu? Chumvi nitaijuaje?"

"Lamba ncha ya kijiko, mara moja. Kinachobaki, humu."

Haya. Nikatia kipande cha nyama, cha kujua kama imeiva. Halafu kingine, maana kimoja hakitoshi kukupa uhakika. Mchuzi, miiko mitatu. Ukoko wa wali. Viazi vya kukaanga, vile vilivyovunjika, si vya kumpa mtu. Chai nayo ikaenda kwenye jagi lake, nusu kikombe nusu kikombe, kuona kama sukari imekolea. Mara nne! Kufika saa saba bakuli lilikuwa limefurika, na binti yangu akaleta la pili.

Msaidizi wangu, tunamwita Kiherehere, akapaza sauti: "Jamani, huyu haonji, huyu anajiandalia karamu!" Jikoni wote wakaangua kicheko. Mimi nikakaa juu ya gunia la mchele nikalia.

Tangu siku hiyo ikawa vita. Kila sufuria, ncha ya kijiko mara moja, basi. Mchana nakaa mezani kama binadamu: mboga nusu sahani, maharage, wali kiasi. Jioni narudi nyumbani kwa miguu, dakika arobaini. Wiki ya kwanza niligombana na kila mtu, hata na mifuniko. Chai bila sukari ndiyo usiniulize. Lakini mwezi wa tatu gauni la kazi likaanza kunipwaya, na ngazi za ghalani nikawa nazipanda huku naimba.

Miezi sita ikatimia, binti yangu akanisindikiza kupimwa. Daktari akaitazama karatasi.

"Imeshuka," akasema. "Imetoka mpakani. Usilegeze kamba tu, maana inaweza kurudi. Lakini hatari umeipunguza, tena sana."

"Sema tena!"

Akasema tena. Nikapiga kigelegele mlemle ndani, muuguzi akaja mbio akidhani kuna mtu amezimia.

Binti yangu akanishika bega. "Nikusomee majibu, mama?"

"Unisomee kwani mimi sioni? Lete hapa!" Nikaisogeza karatasi dirishani, nikasoma namba zote mwenyewe, moja baada ya nyingine. Kisha nikamtazama mwanangu usoni, nikamtazama weee, mpaka akaona haya.