Aliyekunywa Togwa

Kwandu alikuwa akianika michembe ya viazi juu ya bati, pale Lingeka, mumewe Mashimba aliporudi mara ya kwanza tangu azikwe. Alirudi akiwa nondo wa msituni, mpana kama sahani ya ugali. Alitua ukutani akatandaza mabawa.

Juu ya mabawa hayo lilikuwepo shamba lao la pamba, lote, pamoja na ua wa minyaa uliokuwa mpaka kule bondeni, ule ambao shemeji yake Luhaga aliung'oa wiki ya msiba na kuupanda upya karibu na mlango wa Kwandu. Hata kichuguu kilionekana.

Luhaga hakubisha kwamba nondo amekuja. Ila kwake, alisema, Mashimba alishafika tangu asubuhi, akiwa kipepeo.

Ukoo ukakutana, wote wawili wakawekwa mkekani. Kipepeo alikuwa mdogo, wa vichakani, rangi ya jani kavu, mabawa ameyafumba wima. Nondo alilala bapa, kila kitu hadharani. Watoto waliinama wakaonyeshana mahali walipochungia ndama.

"Ua ulikuwa hapa," alisema mkuu wa ukoo, mzee Ngeleja, akigusa bawa kwa kidole. Luhaga naye alikubali kwamba ulikuwa hapo.

Lakini marehemu akirudi hupewa togwa ya mtama, na anayekunywa ndiye mwenyewe. Kipepeo alikunjua mrija wake akanywa taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Nondo alisogezewa kibuyu, akatulia tu. Walimgeuza wakammulika kwa tochi ya simu. Hakuwa na mdomo.

"Baba, hajakataa," alisema Kwandu. "Hana pa kunywea."

"Tumeona, mayu," alijibu Ngeleja kwa upole, akimwita mama kwa heshima. "Lakini mila haiulizi kwa nini."

Basi kipepeo akawa Mashimba. Aliulizwa habari za mpaka, akabaki amefumba mabawa, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ridhaa. Ulikuwa uonevu mtupu, na kila aliyekuwepo aliujua. Wakanawa mikono, wakala.

Msimu huo Luhaga alilima pamba mpaka mlangoni kwa shemeji yake. Nondo aliendelea kuja kila jioni, na Kwandu aliondoa kalenda ukutani ili apate nafasi ya kutua. Kisha alikaa kwenye kigoda akitazama bawa la kushoto, upande wa bondeni, ambako pamba yake ilikuwa imeanza kupasuka.