Namba ya Kiti cha Tatu

Mjomba wangu ni kinyozi, na dukani kwake mna viti vitatu. Viwili vya mbele ni vya kunyolea. Cha tatu, kile chekundu kilicho karibu na beseni, ni cha kutafutia kazi.

Sisemi habari za uganga. Kijana yeyote wa mtaani kwetu akiitwa kwenye usaili, siku moja au mbili kabla huja kukalia kiti cha tatu. Mjomba humnyoa bure, na wembe ukiwa shingoni humhoji. Jitambulishe. Kwa nini tukuchukue wewe tumwache mwenzio? Ukiharibu kitu cha watu utafanya nini? Mtu mwenye wembe kooni hajikuni, hatikisi mguu, wala hamung'unyi maneno. Anainua kidevu, anatazama mbele kwenye kioo, anajibu kwa ufupi.

Mwisho huja swali la mshahara: "Unataka tukulipe ngapi?"

Jibu lake lilikuwa moja, na vijana wote wa mtaa tulilijua kabla hatujaota ndevu. Laki nne na sabini.

Waliopata kazi waliisifu namba hiyo. Waliokosa walijilaumu kwamba waliitaja kwa sauti ya chini. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi, na mimi nisingeuliza kama si ile sabini. Laki nne ningeielewa. Laki tano ningeielewa zaidi. Lakini sabini? Nani aliipima, kwa mzani gani?

Nyumbani wananiita Wakili, kwa sababu tangu utotoni sikubali kumeza kitu kabla sijakitafuna. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, fani ya majokofu na mitambo ya baridi, na kiwanda cha maziwa kilikuwa kimeniita kwenye usaili wa fundi mwanafunzi. Nafasi ilikuwa moja. Nikiikosa, Mjomba alishatundika koti jeupe kwenye msumari karibu na mlango, jipya, la saizi yangu. "Mwezi ujao unaanza hapa," aliniambia. "Vichwa haviishi kuota nywele." Nampenda sana mjomba wangu, lakini lile koti lilikuwa linanitazama kama sanda.

Kwa hiyo sikutaka kwenda kwenye usaili na namba nisiyoijua wazazi wake.

Nilianza na Kipara. Yeye ni rafiki yangu, ana nywele nyingi kuliko kondoo, ndiyo maana tukamwita hivyo. Alikalia kiti cha tatu mwaka jana, akataja namba, akapata kazi ya kuuza vifaa vya ujenzi upande wa pili wa mji. Nilimkuta anapanga mabomba ya plastiki nje ya duka.

"Kipara, walikupa laki nne na sabini?"

"Walinipa bila kubisha."

"Zinatosha?"

"Zinatosha sana," akasema. "Zinatosha kufika tarehe kumi na tano."

"Halafu?"

"Halafu natembea kwa miguu na kumsalimia kila mtu kwa adabu, maana sijui nitamkopa nani."

Anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Nilimuuliza kama alihesabu nauli kabla hajataja namba. Akaniangalia kama nimemuuliza uzito wa kivuli chake.

"Nihesabu nini? Namba ilikuwa imeshahesabiwa."

"Na nani?"

"Si na mjomba wako?"

Nikarudi dukani. Mjomba alikuwa anampaka poda mzee mmoja shingoni, akipuliza nywele kwa mdomo. Nikasubiri mzee atoke.

"Mjomba, hivi laki nne na sabini ulizipataje?"

"Wewe kaa, nikunyoe. Usaili wako keshokutwa."

"Nitakaa. Ila kwanza nijue sabini ni ya nini."

"Ni ya kuonyesha hukukurupuka. Anayesema laki tano amekisia. Anayesema nne na sabini amepiga hesabu."

"Hesabu ipi sasa?"

Mjomba ana tabia ya kunoa wembe anapotaka kufikiri, hata kama wembe wenyewe ni wa kutupa. Alichukua ule wa zamani wa kukunja, akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi taratibu, huku na huku.

"Mwaka niliofungua duka hili," alisema, "nilikaa nikajiuliza, mwezi mmoja wangu ni kiasi gani? Kodi ya hapa, kodi ya chumba, chakula changu na cha shangazi yako, umeme wa mashine. Ikawa laki nne kamili. Nikajua nikipata pungufu ya hapo, nimekufa. Kijana wa kwanza kuja kuniuliza aombe mshahara gani, nikampa hiyo. Akapata kazi. Nani angebadilisha?"

"Hiyo ni nne. Sabini?"

Akaelekeza wembe kwenye kiti chekundu.

"Sabini ilikuwa ya hicho. Nilikichukua kwa mali kauli, nalipa kila mwezi."

Nilikitazama kiti. Ngozi imechanika kwenye mkono wa kushoto, imebanwa kwa gundi ya karatasi. Vijana wa mtaa mzima, mwaka baada ya mwaka, walikuwa wamewaendea mabosi wenye tai na kuwaomba pesa za kulipia kiti cha mjomba wangu.

"Ulimaliza kukilipia lini?"

"Wewe ulikuwa bado unanyonya," akasema. Nikacheka, yeye hakucheka. "Unacheka nini? Namba ni ileile na inafanya kazi. Dawa ikiponya huulizi mti umepandwa na nani."

"Kipara hajapona."

"Kipara ana mdomo mkubwa na tumbo kubwa. Kaa."

Nikakaa, akaninyoa, akanihoji, nikajibu kidevu juu. Alipofika kwenye mshahara sikuitaja namba. Wembe ukasimama shingoni.

"Mpwa wangu," alisema polepole, "usiende kuniaibisha kule."

Nilitoka na kichwa safi na moyo umevurugika. Nikamkuta mama yuko kwenye cherehani, anatia vifungo mashati ya sare ya shule. Nikamweleza. Alicheka hadi akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Kaka yangu huyo," alisema. "Ana kiatu kimoja, anataka mji mzima ukivae. Haya, mwezi wako wewe ni kiasi gani?"

Mimi Wakili, mtoa hoja! Nilijua gesi inayozunguka ndani ya jokofu inachemka kwenye nyuzi ngapi. Nilichokula kwa mwezi sikukijua.

Mama akamwaga kopo la vifungo mezani. "Kimoja ni elfu kumi. Vyeusi ni vya lazima, vyeupe vinaweza kungoja. Anza."

Nauli, vyeusi. Chakula cha mchana, vyeusi sita. Buti za kazi na ovaroli. Simu nikaweka vyeusi vinne, mama akaninyang'anya viwili akavigeuza vyeupe. "Unampigia nani mwezi mzima, waziri?"

"Na kodi huniwekei," nikasema, "mimi naishi hapa."

"Unaishi hapa kama nani? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Weka vya unga, vya umeme, na vya kumsaidia mdogo wako shuleni." Alinitazama nikiweka, akasogeza vingine viwili upande wangu. "Na hivi ni vyako wewe, vya kuweka akiba. Vyeusi."

"Akiba ni ya lazima?"

"Ukiifanya nyeupe itangoja mpaka uzeeke."

Nikaongeza vyeupe vya mtihani wa leseni ya ufundi, ambao ningetaka kuufanya mwishoni mwa mwaka. Tukahesabu. Laki nne na nusu. Nilihisi fahari ya ajabu. Rundo lile dogo la vifungo lilikuwa mimi mzima, na nafasi niliyochukua mezani ilikuwa ndogo kuliko sahani.

"Sasa," mama akasema, "wenyewe wanalipaje? Usiende sokoni hujui bei ya siku."

Asubuhi yake nikaenda hadi lango la kiwanda. Nilisimama na madereva wa magari ya maziwa, wanaosubiri matangi yao yaoshwe, na hakuna watu duniani wanaojua siri za kazini kama watu wanaosubiri. Nikauliza hiki na kile. Dereva mmoja mnene, anakula muwa, aliniambia fundi mwanafunzi aliyepita alilipwa laki tatu na nusu. Ila chakula cha mchana kiko kantini, bure. Buti na ovaroli wanatoa wao.

"Na leseni?"

"Wanalipia, ukikaa mwaka. Ila wengi hawajui, hawaombi. Kijana, wewe ni mpelelezi?"

"Ni wakili."

"Basi mwambie mteja wako aombe," akatema kapi la muwa.

Nilirudi nikaondoa vifungo mezani. Sita vya chakula, kimoja cha buti na ovaroli. Vya leseni nikaviacha pembeni kwanza, halafu navyo nikavirudisha koponi, viwili. Jumla ikashuka hadi laki tatu na sitini. Iliniuma. Mimi nina kiburi, na sikupenda kwenda kuomba pungufu ya namba ambayo hata Kipara aliipata. Nilivitazama vifungo mpaka vikanijibu. Kipara ana nyingi mkononi na deni mlangoni. Mimi ningekuwa na chache mkononi, na chakula, na buti, na leseni, na akiba. Nani mwenye nyingi?

Usaili ulifanyika kwenye chumba chenye meza ndefu. Walikaa watu wawili: mama mmoja wa miwani, ambaye ndiye mkuu wa wafanyakazi, na fundi mkuu wa mitambo, mwanamume mwenye mikono yenye makovu ya moto. Nyuma yao kulikuwa na dirisha kubwa la kioo.

Nikaingia, nikasalimia, nikakaa. Nikaegemea nyuma, nikainua kidevu, nikatulia kama gogo. Wakaniuliza, nikajibu. Compressor, ile pampu ya kusukuma gesi, ikipiga kelele unaanza kukagua nini? Nikasema. Maziwa yakipita nyuzi fulani nani anaambiwa kwanza? Nikasema. Nilijisikia niko vizuri sana, mpaka yule mama akaweka kalamu chini.

"Kijana, unaongea na nani?"

"Na nyinyi, mama."

"Mbona unatutazama juu ya vichwa?"

Ndipo nikaona. Nilikuwa najibu kwenye kioo cha dirisha. Nilikuwa najiona mimi mwenyewe humo, kidevu juu, shingo wazi, nangoja wembe.

Fundi mkuu akaanza kutikisika mabega. "Huyu ni wa kwa kinyozi," alisema. "Mwangalie shingo. Wote wanakuja hivi, kama wanataka kuchinjwa."

"Nilishajua," mama wa miwani akasema. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Basi tumalize. Unataka tukulipe ngapi? Au niandike tu laki nne na sabini?"

Jasho lilinitoka kwenye kichwa kilichonyolewa, na hakuna nywele ya kulizuia. Nikajisogeza mbele ya kiti. Nikashusha kidevu. Nikamtazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu nimeingia, na nikagundua ana macho ya mtu aliyechoka na anayetaka kusikia kitu kipya.

"Laki tatu na sitini, mama."

Kalamu ikasimama.

"Nimepiga hesabu ya mwezi wangu. Ingekuwa zaidi, ila nimeambiwa chakula na buti ni vya kiwanda. Ninaomba pia leseni yangu mlipie nyinyi nikitimiza mwaka. Nikiipata, tukae tena tuongee, kwa sababu nitakuwa fundi mwingine."

Wakatazamana.

"Mwaka jana," mama wa miwani akasema, "alikuja mwenzako akataja ile namba. Nikamuuliza, sabini ni ya nini? Akaniambia ni ya maisha. Wa kabla yake akasema ni ya Mungu. Sabini ni ya nini?"

Nikafikiri habari ya kumwaibisha Mjomba. Lakini yule mama aliuliza kama ninavyouliza mimi, na mtu wa namna hiyo simnyimi jibu.

"Ni ya kiti," nikasema, na nikawaeleza.

Fundi mkuu alicheka hadi akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli. Mama wa miwani hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata mkasi uliopotea miaka mingi.

"Jumatatu," alisema. "Saa moja asubuhi. Umwone huyu, akupe buti."

Nilimkuta Mjomba amekaa kwenye kiti cha tatu mwenyewe, anasoma gazeti la juzi.

"Umetaja?"

"Nimetaja yangu."

Alikunja gazeti. Nikamweleza yote: kioo, shingo, sabini, kicheko cha fundi. Alisikiliza uso umekauka. Nilipofika kwenye buti, aliinuka, akalitoa lile koti jeupe msumarini, akalikunja vizuri na kuliweka kwenye droo.

"Kwa hiyo nimewafundisha kuongea na kioo," alisema.

"Umewafundisha kutotetemeka pia. Sikutetemeka."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa." Akapiga magoti, akaanza kulegeza bolti za kiti chekundu. Zilikuwa na kutu. Nikamsaidia. Tulikizungusha hadi kikakipa kioo mgongo, kikatazama benchi wanalosubiria wateja, halafu tukakikaza upya. Kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza kwa nini.

Jumamosi alikuja msichana mmoja aliyeitwa kwenye usaili wa hoteli. Akakaa, akashtuka kukosa kioo. Mjomba akaweka wembe pembeni, akavuta stuli, akaketi mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Nitazame mimi. Unataka tukulipe ngapi?"

"Laki nne na sabini," msichana akasema haraka.

Mjomba akamgonga begani kwa kitana.

"Hicho ni kiti changu, na nilishakilipia. Taja mwezi wako."