Msalaba Chini ya Bitana

"Mama Bobini, wenzako wameshafika kwenye zipu, wewe bado mkanda!" Msimamizi alijipigapiga kiganjani kwa karatasi ya majina.

"Nakuja, mwanangu. Uzi haukimbizwi."

Vyerehani sita, mabegi sita ya shule ya mtindo mpya. Mnunuzi angeyafuata saa nane. Kisha msimamizi angetangaza nani wanabaki kushona na nani wanahamia kupaki mizigo. Jina la Mama Bobini liliongoza orodha ya wa kupaki. Wote walikuwa wameshalichungulia. Miaka kumi na tisa alikalia kiti kile, hadi kimto chake cha vitambaa chakavu kilikuwa kimeshika umbo lake.

Mchoro ulitaka mkanda upigwe mistari miwili, basi. Yeye alikunja ncha, akaweka kiraka cha turubai nyuma yake, akashona msalaba, ndipo akafunika kwa bitana. Hakumwambia mtu. Aliona haya kuitwa mjuaji.

Saa sita, ili kupima uimara, kila begi lilijazwa mchanga na kutundikwa msumarini. La kwanza likang'oka mkanda. La pili. Matano yote, mchanga ukatapakaa sakafuni.

"Kumbe leo tunajenga nyumba," jirani yake alitania. Hakuna aliyecheka.

La Mama Bobini lilizunguka kidogo, likatulia.

"Umefanyaje humu?" msimamizi aliuliza.

"Nimeshona tu."

"Mama, tuna saa mbili. Nichoree, wote wafuate."

"Kuchora sijui. Mimi niliishia darasa la nne."

Akalishusha begi, akamwaga mchanga, akachukua wembe. "Sogeeni."

"Unaliharibu hilo hilo moja!" jirani alipiga kelele.

"Punguza mdomo, mwenzangu, ongeza macho."

Akafumua bitana, akafumua msalaba, uzi baada ya uzi, mpaka begi pekee lililosalimika likawa vipande mapajani mwake. Kisha akaanza upya, polepole, vichwa vitano vimemwinamia.

Msimamizi alipapasa mifuko akitafuta karatasi. Akaigeuza ile ya majina, akachora upande wa nyuma wa karatasi.

"Rudia hapo kwenye kona, mama."

Akarudia.

Msimamizi akaubandika mchoro kwenye kioo cha dirisha, wote wauone. Vyerehani vikanguruma. Jua likapenya karatasi kwa nyuma, na pale juu, katikati ya mistari ya msalaba, jina la Mama Bobini likajitokeza kwa mbali, kinyumenyume.