Raba za Kiangazi

Baba yao aliacha baiskeli moja na watoto wawili, na tangu azikwe hapakuwa na amani katika ile nyumba. Ilikuwa baiskeli ya mashindano ya barabarani, nyepesi kiasi cha kunyanyuliwa kwa vidole viwili, na marehemu, kwa sababu anazozijua mwenyewe, alisema iwe ya wote. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Mama akawagawia misimu: kiangazi kiwe cha kaka, masika yawe ya dada, na chochote kitakachofungwa kwenye baiskeli hiyo sharti wote wawili wakikubali. Masikini, alidhani amewapatanisha.

Kaka aliitwa Mshale. Jina alijipa mwenyewe, na hilo peke yake linatosha kumjua. Dada aliitwa Kobe, na jina hilo pia alitungiwa na Mshale, mwaka ule Baba alipoanza kuishiwa pumzi. Binti alikuwa akiendesha na baba yake bega kwa bega, mwendo wa jongoo, wakati kaka mtu yuko mbele na wenzake wa klabu hata kisogo hakionekani.

Magurudumu ya kiangazi yalikuwa ya kaboni, ringi zake zimeinuka upana wa kiganja, yakipita yanavuma. Ya masika yalikuwa ya alumini, kwa kuwa kwenye maji breki hazishiki vizuri juu ya kaboni. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye shina la mambo. Raba za breki zikishasugua alumini huokota chembechembe zake. Ukizipeleka hivyo hivyo kwenye kaboni zinaichuna, na kwenye mtelemko mrefu ringi inapata moto mpaka inapasuka. Kwa hiyo anayebadilisha magurudumu hubadilisha na raba. Kila mvua zilipokatika, Kobe alifunga magurudumu ya kaboni na raba safi kabla ya kumwachia kaka yake baiskeli ukumbini. Hakuwahi kuambiwa asante, wala hakuingojea.

Mwaka huu ringi za alumini zilikuwa zimelika zikabaki nyembamba kama bati. Mvua zilipokatika, wakaenda dukani kwa fundi kuchagua jozi nyingine ya masika yajayo.

Kobe alichagua kwa raha zake. Alizungusha gurudumu huku ameinamisha sikio kusikiliza beringi, akapitisha ukucha ukingoni, akahesabu spoku. Alitaka ringi fupi, spoku nyingi, nafasi ya tairi nene, na ekseli iliyozibwa maji yasiingie. Mshale aliegemea mlango akipiga miayo ya makusudi. Yeye alionyesha jozi nyeusi yenye spoku za kuhesabika, akasema hiyo ndiyo inayostahili baiskeli ya Baba. Kobe akamwambia kwamba jozi hiyo ikikutana na shimo la kwanza lililojificha chini ya maji, itarudi nyumbani imebebwa begani. Fundi akamuunga mkono. Mshale alipoona ameshindwa, akaachia mdomo, na mdomo wake ndio haukuwahi kuwa na breki.

"Mpe anazotaka, fundi," alisema. "Ni za kubebea maziwa, zinamfaa. Baba mwenyewe alimtaja ili asilie tu."

Fundi akajifanya anatafuta spana. Wakatoka bila kununua kitu, na lile neno limemkwama Kobe kama mwiba wa samaki.

Jioni alifunga magurudumu ya kaboni kama kawaida. Akafungua droo, akatoa raba safi, akakaa nazo mkononi. Kesho yake klabu ilikuwa inapanda mlimani, na hakuna mlima usio na mtelemko. Akazirudisha raba drooni, zile za masika zikabaki kwenye breki. Asije mtu akasema alisahau. Alimchukia kaka yake jioni ile kwa moyo wake wote, kisha akaenda kula, na akala vizuri.

Asubuhi chuki ilikuwa imepoa na hofu imekaa mahali pake. Alisikia pampu inapuliza ukumbini, akatoka mbio miguu mitupu.

Mshale alikuwa amechuchumaa, baiskeli imesimama kichwa chini, ufunguo mkononi. Alikuwa anatoa raba. Kando yake palikuwa na kopo la zamani la rangi, na ndani yake raba nyingi, jozi kwa jozi, safi. Kobe akazitambua. Zilikuwa zake za mwaka jana na za miaka ya nyuma, hata moja haijagusa ringi.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Ninachofanya kila mwaka. Natoa zako, naweka zangu."

"Lakini hizo za koponi zilikuwa safi."

"Najua. Niliziangalia. Ila siwezi kushuka mlima na kitu kilichofungwa na mtu anayenichukia."

Akainua raba aliyotoka kuifungua kwenye breki kuelekea dirishani. Chembe za alumini zikametameta. Aliitazama, kisha akamtazama dada yake, wala hakupandisha sauti.

"Miaka yote natupia koponi raba nzima, na moyo unanisuta," alisema. "Leo umenitua mzigo."

Kobe alitaka kumwambia kwamba amekuja mbio kumzuia. Ilikuwa kweli, na alijua haina mnunuzi. Kutoka jikoni Mama akauliza kama wameshaelewana kuhusu magurudumu.

"Tumeelewana, Mama," Mshale akajibu. "Achukue yale yale anayoyataka."

Akakaza raba zake, akaigeuza baiskeli, akaisukuma nje. Kobe akabaki ukumbini na lile kopo, akaanza kuzitoa zile raba safi moja moja, akizifuta vumbi kwa kanga.