Maji ya Kidimbwini

Ptu! Mpaka leo nikisikia harufu ya mwani uliooza, mate yanijaa kinywani.

Miezi ya kusi, mkondo wa bahari hukaza mbio kwenda kaskazini, maji hupoa, na ufuo wetu wa Malindi hujaa mwani hadi magotini. Huoza, hutoa funza, hunuka mayai viza. Mimi na Zubair tulikuwa tukiwapimia watafiti joto la bahari. Kila siku saa nne yeye avuke mwani ule, aingie maji ya kifua, achote ndoo, atumbukize kipimajoto. Mimi niandike. Maji yakikataa kupoa, huenda vuli ikawa na mvua nyingi.

Mwaka huo Zubair akawa anapiga kelele, "Ishirini na tisa, Kadii!" Kusi kali vile, na maji ishirini na tisa! Nikaandika, leso puani.

Jioni nikampigia simu mama, kijijini kwetu Jilore. Mama hupanda nusu ya mbegu, nusu huiacha uchagani juu ya meko ipate moshi, mpaka mvua ishike kweli.

"Mama, bahari ina joto. Mwaka huu panda zote, tena mapema."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nimeandika kwa mkono wangu."

Akapanda zote. Mvua ikanyesha siku mbili, ikaenda zake. Mahindi yakachipua, yakakauka.

Nikamwendea Zubair. "Maji ulikuwa ukichota wapi?"

Wala hakuona haya. "Kidimbwini, hapo kando. Dada, mwani ule una funza! Nani aingie uchafu ule?"

Kidimbwi cha kina cha kiganja, kimeota jua tangu alfajiri! Nikamtukana mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia hao funza wana haya kumshinda.

Akaningoja nimalize. "Kikoi changu kilikuwa kikavu kila siku, Kadii. Hukukiona?"

Nilikiona. Nilinyamaza kwa sababu angekataa kuingia, ningeambiwa niingie mimi.

Jumamosi nikaenda Jilore. Mama alikuwa juu ya kigoda, mkono uchagani, akipapasa. Alipata punje saba zilizonasa kwenye nyufa za miti. Akashuka, akanitilia kiganjani.

"Nitunzie wewe," akasema. "Utaniambia lini nipande. Wewe ndiwe uijuaye bahari."

Nikazipokea, nikasema ahsante. Ptu kwangu!