Hedifoni Zinazobana

Miaka ile, ukitaka hedifoni Kasese, zile kubwa za kufunika sikio zima na ambazo hazikuachi huna nauli, ulikwenda kwa Hamidah. Wauzaji wengine walikusomea maandishi ya boksi na kukuapia. Hamidah hakusoma boksi. Kila aina mpya ikifika kutoka Kampala aliivaa mwenyewe, juu ya mtandio, asubuhi anapofungua kibanda, na haivui mpaka adhana ya adhuhuri. Ikimuuma utosini, inarudi ilikotoka. Sponji ikimchemsha masikio, inarudi. Halafu anapiga kaswida moja ya akina mama, na besi ikimmeza mwimbaji, hapo ndipo anapofoka. "Hii ni ngoma ya arusi, si hedifoni!" Hakuwa na adabu kwa vitu vibovu, mama yule.

Ungedhani mwanamke mwenye ulimi kama huo hakosi wa kuongea naye. Wapi! Nyumbani alikuwa mpweke, na mume yumo ndani.

Mumewe, Sowedi, aliendesha lori la saruji kutoka Hima kwenda Beni, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Mtoto wao Shakib alikuwa shule ya bweni. Wakati huo barabara ya Beni ilikuwa imeharibika, watu wanauawa vijijini, na safari moja Sowedi alirudi amechelewa, macho mekundu, hasemi kitu. Umeona nini? Hamidah akamuuliza wakati wa chai, akamuuliza wakati wa chakula, akamuuliza hata akitawadha. Majirani nao wakaja kuuliza. Sowedi akasema kichwa kinamuuma, kelele za injini zimemkaa masikioni. Kwa huruma, Hamidah akamletea hedifoni nzuri kuliko zote za kibandani, nyepesi, sponji laini, hata kulala nazo unaweza.

Lo, alijitakia mwenyewe! Tangu hapo Sowedi akirudi safari ni kitini, hedifoni kichwani, uso ukutani, mpaka siku ya kuondoka tena. Majirani wakakoma kuja. Hamidah naye akakoma kuuliza, maana unamuulizaje mtu ambaye hasikii?

Ila mdomo una mazoea yake. Jioni, akichambua mchele karibu na kile kiti, akaanza kusema tu. Kwanza mambo ya kibanda, nani amekuja, nani amejaribu hedifoni kumi na kununua chaja. Kisha, kwa kuwa hakuna wa kumsikia, akasema na mengine. Kwamba anakula amesimama jikoni, kwa sababu akikaa mkekani peke yake chakula hakipiti. Kwamba lori lolote likipita njia kuu, moyo unamruka akidhani ni la mumewe. Kwamba amemkosa, na yuko hapo hapo. Alisema huku analia, anapenga kamasi kwa ncha ya mtandio, na Sowedi hakugeuza hata shingo. Inauma hiyo, jamani. Inauma sana.

Jumanne ni siku ya soko Bwera, basi Hamidah akashuka na mzigo wake kuwauzia Wakongomani wanaovuka mpaka. Wivine, mfanyabiashara wa Butembo ambaye walizoeana naye, akamjia na mfuko wa hedifoni alizonunua kwa mtu mwingine.

"Mama Hamidah, angalia hizi kaske. Inafinya mutu sana! Batu yote banairudisha."

Hamidah akajaribu moja. Subhanallah! Ilimkamata mashavu kama koleo, na akaivua kabla kaswida haijafika kwenye kiitikio.

"Hii hakuna mtu wa kukaa nayo."

"Iko muzuri ya kutesea adui," Wivine akasema huku anacheka. "Beba moja, mama, utanikumbuka."

Hamidah hakucheka. Wazo lilikuwa limemwingia. Hakuna mtu wa kukaa nayo, na Sowedi ni mtu, ana masikio ya nyama. Akivaa hizi, atazivua mwenyewe chai ikiwa bado ya moto, na akishazivua atamkuta mkewe amekaa mbele yake. Akaitia moja mkobani.

Sowedi alipokuwa anaoga, akaondoa zile laini na kuweka mpya kitini. "Nimekuletea nyingine," akamwambia alipotoka. "Hizi ni nzuri zaidi." Mwongo mkubwa! Sowedi akamtazama, akamtazama tena, akazivaa.

Chai ikapoa, hakuzivua. Kesho yake alikuwa na alama nyekundu kuzunguka masikio, na hakuzivua. Akaenda safari, akarudi, akazivaa tena. Hamidah akanuna, kuzungumza naye akaacha kabisa, na zile laini akaziuza Bwera kwa hasira, kwa mtu wa kwanza aliyeziulizia.

Ijumaa moja baada ya swala alimpelekea Sowedi bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki, akaona simu ya mumewe iko dirishani, inachaji. Akaufuata waya wa hedifoni kwa macho. Ncha yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati, haijachomekwa popote.

Akaweka sahani chini, akainua upande mmoja wa hedifoni. Sikio lilikuwa limevimba.

"Baba Shakib, unasikiliza nini?"

"Sisikilizi kitu."

"Na zile za kwanza?"

"Zile pia sikupiga kitu. Lakini zile zilikuwa zinapitisha. Nilikuwa nakusikia."

"Ukisikia nini?"

"Yote. Mambo ya kibanda. Unavyokula umesimama. Ulipokuwa unaniuliza sikuweza, Mama Shakib. Ulipoanza kusema tu, nikawa naingoja jioni. Niko barabarani najiambia, nikifika atasema."

Hamidah akakaa chini.

"Halafu ukaniletea hizi," Sowedi akasema. "Hizi zinaziba kabisa. Wewe ndiye mjuzi wa hedifoni Kasese nzima. Nikajua umenichoka."

"Wallahi hapana! Nilitaka zikuumize, uzivue."

"Zinaniumiza."

"Basi vua."

"Nikivua utaniuliza."

"Sitakuuliza."

Akazivua. Akazilaza mapajani, akageuza kiti, akamtazama mkewe, anangoja. Hamidah akafungua kinywa amwambie habari za Shakib, habari za wateja, habari yoyote ile. Hakuna kilichokuja. Yale mengine yote alikuwa amemwambia mtu asiyesikia. Kwa huyu aliyegeuka na kumtazama, mdomoni alikuwa na swali moja tu, lile lile, umeona nini, na alikuwa ameahidi. Akainama, akapanga upya samaki kwenye sahani. Alijiona mjinga, na aliogopa.

Sowedi alingoja. Alingoja kwa subira yote aliyokuwa nayo. Kisha akachukua hedifoni mapajani, polepole, kama anayechelea kumkosea mtu, akazivaa.

"Kula," Hamidah akasema hapo hapo. "Kula, Baba Shakib, chakula kinapoa."

Lakini zile zilikuwa zinaziba kabisa.